Kipendacho Moyo Kikiingia Darasani

Niliposhuka kwenye treni pale Miasenyi, katikati ya mwaka 2025, nilikuwa nimekwenda kumtazama binti wa marehemu ndugu yangu, wala sikuwa na nia ya kuandika neno. Binti huyu anafundisha hisabati na sayansi katika shule moja ya upande huo wa Taita Taveta, baina ya Mackinnon Road na Maungu, mahali ambapo sisi watu wa Mombasa tumezoea kupapita tukiwa tumelala ndani ya basi. Wenyeji ni mchanganyiko wa Wataita, Waduruma, Wakamba na Wasomali wafugaji. Nyika ni kavu, ndovu hupita usiku, na tangu mwaka 2017 reli mpya yapita hapo, na kituo kipo.

Akaniambia, "Ami, kesho njoo ukae nyuma ya darasa. Utaona vituko." Nami, niliyeshika chaki zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu, nikaona si vibaya kukaa upande wa pili wa dawati.

Darasa lilikuwa la Gredi ya 9. Karibu na dirisha alikaa mvulana mwembamba ambaye, nilielezwa baadaye, alikuwa ameadhibiwa mara nyingi na walimu waliotangulia kwa kosa la kuangalia nje. Binti yetu alipoichukua hisabati ya darasa hilo, alimwuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: "Unaangalia nini?" Mtoto akajibu kwamba anahesabu mabehewa. Alikuwa na daftari zima alilolificha, na ndani yake siku, saa, idadi ya mabehewa ya treni za mizigo, na upande zilikokwenda.

Somo la siku hiyo lilikuwa mwendo. Jana yake watoto walikuwa wamesimama uwanjani na saa ya mwalimu. Treni ya mizigo ilipopita kwa mbali, walipima muda ambao mabehewa 50 yalichukua kupita nguzo moja. Yalichukua sekunde 42. Mwalimu akawapa kadirio la mita 14 kwa kila behewa. Basi ukiacha kando kichwa cha treni, ni mita 700 kwa sekunde 42. Treni ilikwenda kasi gani? Vichwa vyote viliinama. Jibu likaja kutoka pande tatu kwa pamoja: kilomita 60 kwa saa.

Hapo msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, na kama ndovu amesimama relini, yataka mita ngapi treni isimame?"

Swali hilo halikuwamo kitabuni, na ndilo lililofanywa somo la siku ya pili.

Baada ya kengele msichana huyo huyo alitujia na kitambaa, ameking'ang'ania kwa ngumi. Alipokifungua mlikuwa na vipande viwili vya jiwe, kimoja kijani na kimoja chekundu. Baba yake ni mchimbaji mdogo wa vito upande wa Kasigau. Alitaka kujua kwa nini mawe yanayotoka katika udongo wa jirani yawe na rangi mbalimbali. Mwalimu wake hakujifanya. Alimwambia, "Sijui, mwanangu. Tutafute pamoja."

Wasomaji wapenzi, wahenga walisema kipendacho moyo ni dawa. Nilirudi Mombasa nikijiuliza iwapo dawa hiyo inaweza kutibu shule zetu, na iwapo sisi tunaojidai kuitoa tunaijua kipimo chake.

MTOTO AULIZWA, LAKINI NANI ANAYEMJIBU?

Jambo hili si porojo la walimu wawili. Ni sera ya nchi. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote Kenya mwaka 2019 kwa chekechea hadi Gredi ya 3, umesimama juu ya dai kwamba kila mtoto ana kipawa chake na kwamba kazi ya shule ni kukitambua na kukikuza. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mfumo wa 8-4-4, uliozaliwa mwaka 1985, sasa wangojea kundi lake la mwisho kufanya KCSE mwaka 2027. Mwishoni mwa mwaka 2025 watoto zaidi ya milioni 1.1 walifanya tathmini ya kwanza ya Gredi ya 9, na Januari 2026 wakaanza kuingia Gredi ya 10, yaani Sekondari Pevu.

Mtoto wa miaka 14 au 15 ametakiwa kuchagua mkondo mmoja katika mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Ameambiwa afuate moyo wake na uwezo wake. Maneno haya ni mazuri. Lakini tazama pia hesabu iliyo nyuma yake. Serikali ilikwisha kutangaza kwamba yataka asilimia 60 ya wanafunzi waende mkondo wa sayansi, asilimia 25 sayansi za jamii, na asilimia 15 sanaa na michezo. Moyo wa mtoto unaulizwa, na jibu linalotarajiwa limeshaandikwa pembeni.

Tena si kila shule ina mikondo yote mitatu. Shule kubwa za zamani zenye maabara, viwanja na walimu wa kutosha ndizo zenye uwezo wa kuifungua yote. Shule ndogo ya kutwa katika nyika hufungua ile inayoweza. Kwa hiyo mtoto wa mjini huchagua kwa kupenda, na mtoto wa Miasenyi huchagua kwa ramani.

Hata hisabati ilitetereka. Mwanzo ilisemekana kwamba asiye katika mkondo wa sayansi hatalazimika kuisoma huko juu. Wazazi na wasomi walipiga kelele, na mwaka 2025 Wizara ya Elimu ikairudisha kwa wote, iliyo nzito kwa wanasayansi na iliyo nyepesi kwa wengine. Nami nasema kelele zile zilikuwa za haki. Mvulana yule wa mabehewa, lau angaliulizwa mwaka mmoja kabla, angalisema hisabati haipendi. Hakujua kwamba daftari lake la siri lilikuwa hisabati tupu.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mtoto hupenda kitu, hapendi somo. Apenda treni, apenda jiwe, apenda mpira, apenda mbuzi wa babake. Kumwuliza "wapenda somo gani?" ni kumwuliza jina la nyumba ambayo hajapata kuingia. Mwalimu ndiye anayejua kwamba mlango wa treni waingilia hisabati, na mlango wa jiwe waingilia kemia.

CHUO, FUNDI NA MADRASA

Yuko atakayesema mambo haya ni ya Wazungu. Tusiharakishe.

Sisi tulioanzia chuoni twakumbuka ubao na juzuu. Ni kweli kwamba maalimu hakumwuliza mtoto anapenda nini. Alifu ilitangulia bee, na hapakuwa na mjadala. Lakini chuo kilikuwa na jambo moja ambalo darasa la Kizungu lilikosa. Kila mtoto alikuwa na mahali pake. Huyu yuko kwenye Amma, yule amefika Tabaraka, mwingine bado anaunganisha herufi, na maalimu alimsikiliza kila mmoja peke yake. Hakuna aliyevutwa kwa sababu wenzake wametangulia, wala aliyezuiwa kwa sababu wenzake wamechelewa.

Na wanazuoni wetu walinena. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alimtaka mwalimu aseme na mwanafunzi kwa kadiri ya akili yake, na akaonya kwamba mtoto anyimwaye mchezo baada ya chuo moyo wake hufa na akili yake hufifia. Ibn Khaldun naye, katika karne ya 14, aliandika kwamba ukali juu ya wanafunzi huwaharibu, akashauri elimu iende hatua kwa hatua. Hawa hawakuwa watu wa kudekeza watoto.

Kisha yuko fundi. Kijana aliyeingia kwa seremala au kwa waunda majahazi wa Lamu aliingia kwa sababu alionekana akizunguka pale, akiokota vipande vya mbao, akichonga kijahazi cha kuchezea. Fundi alimwona, akamwita. Uanagenzi ulianza na jicho la fundi juu ya mapenzi ya mtoto. Lakini fundi hakumwacha achonge vijahazi vya kuchezea miaka yote. Alimpa msumeno, akampa timazi, akampa kazi ngumu isiyompendeza, mpaka akawa fundi kamili.

Na tuna mfano wa karibu zaidi, ambao wengi wetu tumeusahau kwa sababu ni wetu. Katika miaka ya 1980 Waislamu wa pwani walilalamika kwamba watoto wao huingia darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wengine, na hawakutaka kuwatoa chuoni ili wapelekwe shule za chekechea zisizojua dini yao. Wakfu wa Aga Khan ukasaidia, Bi Swafiya Said akaongoza kazi, na mwaka 1986 madrasa za chekechea zikaanza Mombasa. Mpango ukavuka hadi Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Siri yake ilikuwa nini? Akina mama wa mtaa ndio waliofunzwa ualimu. Vifaa vya kujifunzia vikawa vifuu, makombe ya pwani, mbegu, vizibo vya chupa na vipande vya kanga. Darasa liligawanywa pembe pembe: pembe ya nyumba, pembe ya kujenga, pembe ya vitabu. Mtoto aliulizwa asubuhi atafanya kazi pembe gani, akaifanya, kisha akawaeleza wenzake alichofanya. Njia hiyo ya kupanga, kutenda na kueleza ilitoka Michigan, Marekani, ambako Dk. David Weikart na wenzake walianza kuijaribu mwaka 1962 kwa watoto wa mafukara. Ilipofika pwani ikavishwa kanzu, ikafunguliwa kwa bismillahi, na watoto wakashika Kurani na hesabu pamoja.

Kwa hiyo anayesema kwamba mapenzi ya mtoto hayana nafasi katika malezi ya Kiislamu, na aende akaulize kina mama hao.

UPANDE WA PILI WA DUNIA

Mwaka 1896, mwaka ule ule ambao reli ya kwanza ilianza kutandikwa kutoka Mombasa kwenda bara, mwanafalsafa John Dewey alifungua shule ya majaribio mjini Chicago. Watoto walijifunza kwa kupika, kushona na kujenga, na ndani ya kazi hizo mkawa na hesabu, sayansi na historia. Wengi wamlaumu Dewey kwamba alifundisha dunia kuwabembeleza watoto. Waliosema hivyo hawakumsoma. Yeye mwenyewe alionya juu ya mwalimu anayelipaka somo sukari ili limezeke. Somo la namna hiyo, alisema, halijamvutia mtoto, limemhadaa tu.

Huko New Zealand, Sylvia Ashton-Warner alifundisha watoto wadogo wa Kimaori ambao vitabu vya kusomea vilivyotoka ng'ambo viliwashinda. Akaviweka kando. Kila asubuhi alimwuliza kila mtoto ni neno gani alitakalo, akaliandika kwenye kadi, mtoto akaondoka nalo. Maneno yaliyotoka yalikuwa ya mama, ya mizuka, ya hofu, ya mapenzi. Mtoto aliyeshindwa kwa miezi kulijua neno la kitabu alilijua neno lake kwa mara moja. Mama huyo aliyaeleza haya katika kitabu chake kiitwacho Teacher, kilichotoka mwaka 1963. Yeye pia hakuishia kwenye kadi. Kadi zilikuwa ngazi ya kufikia vitabu.

MLANGO USIGEUZWE UKUTA

Sasa niseme lile linaloniogopesha, kwa maana mapenzi ya mtoto yaweza kugeuzwa kuwa kufuli.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika Mashariki. Ndani yake alikuwamo Dk. James Aggrey wa Gold Coast, Mwafrika msomi aliyeheshimiwa. Tume ilishauri kwamba elimu ya Mwafrika ilingane na mazingira yake: kilimo, afya ya kijiji, kazi za mikono. Mwaka 1925 Jeanes School ikafunguliwa Kabete kuwafunza walimu wa kuzunguka vijijini. Kwa maneno, mpango ulikuwa wa busara. Lakini watoto wa Wazungu katika koloni hiyo hiyo hawakuambiwa wajifunze mazingira yao na kukoma hapo. Wao walifundishwa kufanya mitihani ya Uingereza. Wazee wetu walinusa harufu, wakadai Kiingereza na vitabu vile vile. Hawakuchukia jembe. Walichukia kuambiwa kwamba jembe ndio mwisho wao.

Pwani yatupa mfano ulio kinyume. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo wazee waijua kwa jina la MIOME, ilianza kufundisha mwaka 1951, nayo ilianza na ufundi wa mikono kwa vijana wa Kiislamu. Haikukoma hapo. Ilipanuka ikawa politekniki, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Mlango ulikuwa ule ule wa ufundi, lakini nyumba iliyo nyuma yake haikujengewa dari fupi.

Tena tukumbuke 8-4-4 yenyewe. Mwaka 1985 nayo ilikuja na ahadi ya mikono: useremala, kilimo, sayansi kimu. Wazazi walichangishwa harambee wajenge karakana. Baadhi zilisimama, nyingi ziliishia kwenye msingi, na masomo yenyewe yakapunguzwa baadaye. Mtaala huu wa sasa umeanza kuonyesha dalili hizo hizo. Wazazi wameagizwa vifaa usiku wa manane, na mzazi ndiye aliyekaa akitengeneza sanamu la kutishia ndege huku mtoto amelala. Hayo si kufuata mapenzi ya mtoto. Ni kumtaabisha mzazi.

KOSA LANGU MWENYEWE

Sina ruhusa ya kuwasema wengine na kujiacha. Katika miaka ya 1980 nilikuwa na mvulana darasani, mtoto wa Mji wa Kale, aliyechora meli pambizoni mwa kila daftari. Siku moja nilikuwa nafundisha uwiano. Nikamkuta anachora, nikalichana karatasi lake mbele ya wenzake. Hakunijibu. Mwaka uliofuata hakurudi shule.

Miaka mingi baadaye nilimkuta juu ya ngazi, akipaka rangi tangazo kwenye ukuta wa duka. Alishuka, akanipa shikamoo, akanishika mkono kwa heshima iliyoniumiza. Kisha akaniuliza kama kuna njia ya kuipeleka picha ndogo kwenye ukuta mkubwa bila ya kukosea vipimo, kwani yeye hukisia kwa jicho na mara nyingine hupoteza rangi. Njia ipo. Ni uwiano. Nilikuwa naifundisha siku ile nilipolichana karatasi lake.

Nilimfundisha pale pale, kwa kipande cha chaki, kwa muda wa dakika kumi.

TURUDI MIASENYI

Mwezi wa Januari 2026 nilimpigia simu binti yetu nikamwuliza habari za wale wawili. Mvulana wa mabehewa amepata mkondo wa sayansi. Msichana wa mawe naye aliuchagua mkondo huo, na alama zake zilimfaa. Lakini shule ya bweni aliyoitamani iko mbali, na ada ya bweni katika zile zilizokuwa shule za kitaifa ni shilingi 53,554 kwa mwaka, mbali na sare, godoro na nauli. Baba mwenye kuchimba vito kwa sururu hana fedha hizo. Basi anasoma shule ya kutwa ambayo kemia hufundishwa ubaoni, kwa maana maabara haijajengwa.

Jiwe lile la kijani ni la aina iitwayo savoraiti, lililopewa jina la Tsavo baada ya mwanajiolojia Campbell Bridges kulipata upande huu wa Taita. Ukijani wake watokana na chembe za vanadi na kromi. Vito hivyo huuzwa New York kwa bei ambayo mchimbaji wa Kasigau hawezi kuiota. Na mtoto wa mchimbaji huyo, aliyeuliza swali lililo sahihi kwa umri ulio sahihi, amekaa mbele ya ubao akinakili jedwali la kemia bila ya kupata kushika hata chupa moja ya maabara.

Hapa ndipo sera inapopimwa. Kumwuliza mtoto anapenda nini ni rahisi, na fomu ya kujibia haina gharama. Kumjibu kwataka maabara, kwataka mwalimu, kwataka ada ambayo baba yake aweza kuilipa. Nchi inayouliza bila ya kujibu yamfundisha mtoto kwamba mapenzi yake ni mchezo wa kuigiza.

Hata hivyo tusikae tukiingojea serikali peke yake. Mwalimu wa Miasenyi hakuongezewa senti ili aulize, "Unaangalia nini?" Swali hilo kila mwalimu aweza kuliuliza kesho asubuhi, na kila maalimu wa madrasa pia. Mzazi naye, badala ya kumwambia mwanawe awe daktari kwa sababu jirani ana mwana daktari, na amtazame wiki moja aone mikono yake yaenda wapi akiachwa. Na wenye mali katika miji yetu, ambao Mungu amewapa moyo wa kujenga visima na misikiti kando ya barabara hii, wakumbuke kwamba maabara ya shule ya kutwa nayo ni sadaka yenye kuendelea. Wajumbe wetu nao waulizwe, kila waendapo kuomba kura, ni shule ngapi za kutwa katika eneo lao zina maabara yenye maji na gesi.

Binti yetu aliniambia jambo moja kabla ya kukata simu. Msichana yule bado huja Jumamosi na kitambaa chake. Wamepata kitabu cha zamani cha kemia, kimechanika jalada, na wamefika sura ya madini. "Ami," aliniambia, "sasa swali lake limenishinda tena. Ukija, niletee kitabu kilicho kikubwa zaidi."

Nimekwisha kukitafuta. Inshallah nitakipeleka mwenyewe.